Wakati Peke Yake Hauponyi



Kuna maneno mawili ambayo tumeyasikia mara nyingi mno, barazani, katika vikao vya jumuiya zetu, na hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. La kwanza ni hili: “Yamepita, sahau.” La pili ni ndugu yake: “Wakati utaponya.” Huambiwa mama aliyetendewa ukatili, huambiwa kijana aliyeona baba yake akichukuliwa, huambiwa mtoto anayelia usiku. Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi wao ni watu wa sala na wa huruma, nasi wenyewe tumeyasema, tena si mara moja. Leo tunataka kuyakana maneno hayo mbele ya wote, kwa kuwa tumesadiki kwamba si kweli, na kwamba uongo unaosemwa kwa sauti ya upole huumiza kama ule unaosemwa kwa ukali.

Tuanze na Kibua, kwa maana hapo hakuna anayeweza kutuambia kwamba tunazungumza mambo ya mbali. Barabara itokayo Masisi kwenda Walikale hupita hapo, na kutoka Kibua hadi Mpofi vijiji vimejipanga kando yake kama shanga katika uzi. Kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya njia hiyo. Walikuwa wa makundi yaliyoshirikiana: FDLR, Mai-Mai wa Sheka, na askari waliomfuata kanali aliyeliacha jeshi la taifa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, ambao taarifa yake ilitolewa Julai 2011, ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika siku hizo nne: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Nyumba ziliporwa, na watu wengine walichukuliwa kwa nguvu. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa wakuu wa makundi hayo, alijisalimisha mwaka 2017, na mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha mnamo Novemba 2020.

Kutoka kosa hadi hukumu ilipita miaka 10. Huo ndio mwendo wa sheria. Katika miaka hiyo yote wengi wetu tulidhani kwamba wakati, wenyewe, unafanya kazi yake kimyakimya ndani ya walioumizwa, kama mvua inavyofuta nyayo njiani. Lakini ubongo wa binadamu hauhesabu wakati kwa miaka. Huuhesabu kwa vipande vidogo kuliko kupepesa jicho, na kinachofungwa katika vipande hivyo hakifunguliwi na kalenda.

Tueleze jambo hili vizuri, kwa kuwa hoja yetu yote imesimama juu yake.

Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli hupokea habari kutoka kwa maelfu ya nyingine kupitia viungo vidogo sana viitwavyo sinapsi. Seli husemezana kwa mipigo mifupi ya umeme, na mpigo mmoja huchukua takriban milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alitoa wazo kwamba seli moja inaposhiriki tena na tena katika kuiamsha nyingine, kiungo kati yao hukazika. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha, katika ubongo wa sungura, kwamba kiungo kilichopitishiwa mipigo mingi ya haraka huwa na nguvu zaidi na hubaki hivyo kwa saa nyingi. Lilibaki swali moja: je, yatosha seli mbili kupiga karibu karibu, au kuna kutangulia na kufuata?

Jibu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya tisini. Henry Markram na wenzake mwaka 1997, kisha Guo-qiang Bi na Mu-ming Poo mwaka 1998, walipima seli za panya, wakiamsha mbili mbili kwa mpangilio waliouchagua, tena na tena. Waliona hivi. Seli inayotuma ikitangulia kupiga, na inayopokea ikafuata ndani ya milisekunde 20 hivi, kiungo kati yao hukazika. Inayopokea ikitangulia, na inayotuma ikaja nyuma yake, kiungo kilekile hulegea. Nafasi kati ya mipigo ikiwa kubwa mno, hakuna kinachobadilika. Seli ni zilezile na idadi ya mipigo ni ileile; kilichotofautiana ni nani aliyetangulia.

Chanzo chake ni kama mlango wenye komeo mbili. Komeo la kwanza hufunguliwa na ujumbe wa seli inayotuma. La pili limezibwa na chembe ya magnesiamu, nayo huondoka tu ikiwa seli inayopokea imekwisha kuamka. Komeo zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja, kalsiamu huingia kwa nguvu, na kuingia huko ndiko kunakoamuru kiungo kikazwe. Kalsiamu ikiingia kidogo na polepole, kiungo hulegezwa. Basi seli haina haja ya akili wala hiari ili ijue kipi kilitangulia kipi. Mlango wenyewe ndio unaojua.

Anayetaka mfano wa jambo hili katika maisha asiende mbali. Kengele ya bweni ikigongwa kila siku kabla ya ugali na sombe kuletwa, mtoto humeza mate aisikiapo. Igongwe baada ya sahani kuoshwa, hata kwa mwaka mzima, haitamfundisha kungoja chakula. Ivan Pavlov wa Urusi aliliona hilo kwa mbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita: ishara hupata maana kutokana na kile kinachoifuata.

Sasa turudi barabarani, kati ya Kibua na Mpofi. Kabla mlango haujavunjwa, kulikuwa na kitu. Huenda mbwa alibweka, huenda tochi ilimulika ukutani, huenda ilikuwa sauti ya mtu akiita kwa lugha ngeni, au harufu ya majani mabichi yaliyokanyagwa na viatu vingi. Vitu hivyo havikuwa na ubaya wowote vyenyewe. Lakini vilitangulia, na hofu kuu ikafuata, na homoni za hofu zilizomwagika mwilini zikakaza zaidi kilichokuwa kinafungwa. Basi mama anayetetemeka mbwa akibweka jioni, miaka mingi baadaye, hajarukwa na akili. Si mwoga, wala imani yake haikupungua. Ubongo wake ulifanya kazi iliyowekewa: ulishika ishara iliyotangulia hatari, ili siku nyingine umwahi.

Hapa tuwe wakweli, kwa maana anayetetea jambo jema kwa kutia chumvi hulidhoofisha. Majaribio ya milisekunde tuliyoyataja yalifanywa katika seli za wanyama, na kutoka milisekunde za seli hadi sekunde na dakika za usiku mmoja wa mtu kuna ngazi nyingi, ambazo wataalamu wanaendelea kuzipanda. Hatusemi kwamba huzuni ya mtu ni sinapsi moja iliyokazwa. Tunasema kwamba, chini kabisa katika chembe na juu kabisa katika maisha, sheria moja inaonekana: kinachotangulia hufungwa na kinachofuata. Wala hakuna mahali katika sheria hiyo panaposema kwamba miaka ikipita, fundo hufunguka lenyewe.

Wengine watajibu: “Lakini watu husahau. Tumewaona wakicheka, wakilima, wakizaa.” Ni kweli, tumewaona. Pavlov naye alimwona mbwa wake akiacha kudondosha mate baada ya kusikia ishara mara nyingi bila chakula. Kisha mbwa akapumzishwa, akaletwa tena, na aliposikia ishara ileile mate yakadondoka upya. Fundisho la kwanza halikuwa limefutika. Juu yake lilikuwa limewekwa fundisho la pili, jembamba na jepesi kutikisika. Ndivyo ilivyo kwa hofu. Kutulia kwa mtu si kufutika kwa alichokiona, ni kujifunza jambo jipya: kwamba ishara ile sasa haileti ubaya. Na jambo jipya lina masharti yaleyale ya wakati na mpangilio. Mbwa abweke, na kisha, papo hapo, kuwe na amani, na mkono wa mtu wa karibu, tena na tena. Anayeikwepa njia ile kila siku, anayejifungia ndani kabla ya jua kuzama, halipati kamwe fundisho hilo la pili. Miaka 10 ya kukwepa si miaka 10 ya kupona. Ni miaka 10 ya kiungo kisichoguswa.

Nasi tumefanya nini katika miaka hiyo? Hapa ndipo tunapolazimika kujishtaki wenyewe. Mama alipothubutu kusema, tulimnyamazisha. Alipokumbuka mbele ya mume, alifukuzwa. Msichana alipopita kisimani, walimcheka, na mtoto aliyezaliwa kwa uovu ule akapewa jina la kumdhihaki. Tazameni mpangilio wake: kumbukumbu imetangulia, na maumivu yamefuata. Kumbukumbu tena, na maumivu tena. Waliobeba silaha walilifunga fundo hilo kwa siku nne. Sisi tuliojiita jirani tumelikaza kwa miaka, kila lilipoanza kulegea. Tukisha kufanya hivyo, tunamwambia kwamba wakati utaponya.

Tunajua pingamizi tutakazoletewa, na tutazijibu moja moja.

Ya kwanza husema: “Wazee wetu walipita vita vingi bila kuzungumza, nao waliishi.” Tunauliza: ni nani aliyesema kwamba hawakuzungumza? Walikale ni nchi ya Wanyanga, na Wanyanga ndio waliompa dunia Mwindo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walipoyaandika masimulizi hayo mwaka 1956, kutoka kinywani mwa Candi Rureke, kazi ilichukua siku 12. Kitabu kilichapishwa mwaka 1969. Msimulizi hakukaa peke yake na hadithi yake. Aliimba, akasimulia, akacheza, na vijana walikaa wakipiga mti mkavu kwa mdundo, na watu waliokusanyika wakaitikia. Mambo ya kutisha yaliyosimuliwa, ya baba anayetaka kumwua mwanawe, yalitamkwa mbele ya watu, na kila tamko likafuatwa na itikio la wenzake. Hayo ndiyo malezi ya wazee wetu. Kimya hiki tunachokiita mila ni kipya, na kililetwa na aibu na woga.

Ya pili husema: “Hizi ni elimu za wageni, zilizotafutwa katika panya.” Elimu haina uraia. Anayemeza kwinini hakuuliza kwanza ilijaribiwa nchi gani. Tena, yaliyotafutwa hapa kwetu yapo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini pamoja na wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia. Baadhi walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikutana kwa vikundi, wakafundishwa hatua kwa hatua kuyatazama mawazo yaliyofungwa na tukio lile na kuyapima upya. Waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa zaidi, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa Kikongo waliopewa mafunzo na kusimamiwa vizuri. Kabla ya hapo, mwaka 2008, kulichapishwa utafiti wa kambi ya Nakivale nchini Uganda, ambako wakimbizi wenyewe, baada ya kufundishwa, waliwasaidia wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kuyasimulia maisha yao kwa mfuatano, tangu kuzaliwa hadi leo, na dalili za mateso ya kumbukumbu zikapungua. Basi sisi walei tusijifiche nyuma ya neno “hatukusoma”.

Ya tatu husema: “Kuzungumza ni kutonesha kidonda.” Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nasi tunaukubali. Baada ya 2010 waulizaji wengi walifika vijijini, kila mmoja na daftari lake. Kumfanya mtu aseme yote mara moja, kisha kuondoka na karatasi, ni kuiamsha kumbukumbu na kuifuatisha upweke. Hata wataalamu wamepima mikutano ya mara moja ya kuwalazimisha watu kusimulia mara baada ya janga, wakaona kwamba haisaidii, na pengine hudhuru. Kwa hiyo hatudai watu waulizwe. Tunadai kwamba, mtu anapotaka kusema, kinachofuata maneno yake kiwe kimepangwa: masikio yanayomjua, siri inayotunzwa, na miadi ya juma lijalo ambayo haivunjwi.

Ya nne ndiyo inayotuuma zaidi, kwa kuwa inatoka kwetu: “Huyo ana pepo, aombewe.” Tunasali, na tutaendelea kusali. Lakini anayeruka kwa mlio wa pikipiki hahitaji kupigiwa kelele mbele ya umati ili kitu kimtoke. Kelele na mikono ya watu wengi juu ya mwili wake vinafanana mno na vilivyomtisha. Mpangilio ni uleule, na ubongo wake hauwezi kujua kwamba nia yetu ni njema. Kumwita mwenye jeraha mwenye pepo ni kumhukumu kwa jeraha lake. Anayemsindikiza kisimani jioni, kimya, siku baada ya siku, anatenda tendo la huruma lililo kamili, na wala asidhani kwamba ametenda dogo.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ujirani mwema unatosha. Fundisho la usalama haliwezi kufundishwa pale ambapo usalama haupo. Mwezi Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale mjini, na watu wakakimbia tena kwa njia zilezile. Mbwa anapobweka na kweli kuna wenye silaha, hofu ya mama si ugonjwa, ni ujuzi. Hivyo anayewaambia watu wa Kibua “poneni” huku hawapi amani, anawaomba ubongo wao uwaseme uongo. Walio na mamlaka ya kulinda barabara hii wanapaswa kulisikia hilo kama deni, kwa maana kila shambulio jipya halihesabiwi peke yake. Hurudi na kukaza yote yaliyotangulia.

Tunaloliomba, basi, tunaliomba kwanza kwa vyama vyetu wenyewe. Maneno “sahau” na “wakati utaponya” yaondoke katika vinywa vyetu. Kila jumuiya ichague watu wawili au watatu wenye subira na wenye kutunza siri, wapelekwe kwa wenye ujuzi wakafundishwe, na wasimamiwe. Waume na ndugu waliowafukuza wake na dada zao waambiwe waziwazi, na viongozi wetu, kwamba wao si waliodhulumiwa. Mtoto aliyepewa jina la dhihaka apewe jina la mtu. Na anayehukumu mahakamani akumbuke kwamba hukumu nayo ni jibu linalofuata neno la shahidi: ikichelewa miaka 10, katika miaka hiyo yote neno lake limefuatwa na kimya.

Tena tusiseme kwamba saa imepita. Viungo vya ubongo hubadilika hata kwa mtu mzima, na mlango ule wa komeo mbili upo kwa mama wa miaka 60 kama kwa mtoto. Kilichofungwa kwa mpangilio huweza kupata jirani yake, fundisho la pili, kwa mpangilio. Lakini lazima pawe na mtu wa kuja baada ya hofu, papo hapo, kabla upweke haujafika. Wakati hauna miguu ya kwenda nyumba kwa nyumba kati ya Kibua na Mpofi. Sisi tunayo.